Soda za Mgeni Rasmi

Matroni Apolonia alikuwa na mikoba ya semina ya kutosha kufungua duka. Alikuwa na wa malaria, wa lishe, wa uzazi salama, wa kunawa mikono, na mmoja wa bluu wenye zipu mbovu ambao hata yeye alishasahau siku aliyopewa alifundishwa nini. Pale Kituo cha Afya Bonde la Heri, Tabata, ilijulikana kwamba jambo lolote la kitaalamu likitajwa, Matroni ameshalisomea, na mkoba wake anao.

Kwa hiyo mradi wa chanjo kwa watu wazima ulipoleta boksi lake la nyenzo, hakuna aliyeuliza litafunguliwa na nani. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya mwongozo kwa watoa huduma za afya, mabango ya ukutani, kadi za chanjo, na maboksi mapya ya njano ya kutupia sindano zilizotumika. Chanjo yenyewe ya homa ya ini ingefuata baadaye, ya kuwatosha wafanyakazi wote wa kituo. Ukurasa wa kwanza wa mwongozo ulisema wazi kwamba mtoa huduma wa afya ndiye mtu mzima wa kwanza anayetakiwa kuchanjwa, kwa sababu ndiye anayeshika damu za watu kila siku.

Ni haki kusema kwamba Matroni aliusoma mwongozo wote. Aliusoma kwa rula na kalamu nyekundu, akapigia mistari sehemu za maana, akaandika pembeni “muhimu” na “muhimu sana”. Halafu akavipanga vitabu vyote kwenye kabati la vioo, pamoja na yale maboksi ya njano, akafunga kwa ufunguo. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kuzindua chanjo, na alitaka wakute kila kitu kisafi kama kilivyotoka kiwandani.

Brightson wa maabara alikuja kubisha hodi.

“Matroni, shikamoo. Naomba kitabu kimoja nikakipitie.”

“Marahaba. Utakipitia wageni wakishaondoka. Tazama vidole vyako vilivyojaa rangi ya maabara.”

“Sasa wageni watatuuliza tumesoma nini?”

“Watakuta vitabu vipo. Ukiulizwa, unaonyesha kabati.”

Sekela, muuguzi kijana ambaye mdomo wake ulikuwa umeshamgharimu vyeo viwili, alikuja kwa ajili ya maboksi. Yale ya zamani yalikuwa yamejaa hadi sindano zinachungulia.

“Matroni, tunaomba hata mawili ya njano.”

“Yakianza kutumika leo, wageni wakija watakuta yamejaa sindano. Wataonaje?”

“Wataona yanatumika.”

“Sekela, usinijibu kama tuko sokoni Mabibo.”

Mtu ambaye habari ya chanjo ilimhusu kuliko wote hakuomba kitabu. Somoe, mfanya usafi, ndiye aliyekuwa akikusanya maboksi ya sindano kila jioni na kuyapeleka kwenye tanuri la kuchomea taka nyuma ya kituo. Alitokea upande wa Nachingwea, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, na kaka yake alikufa huko kwao tumbo likiwa limevimba na macho yamegeuka rangi ya manjano. Ndugu walitafuta mchawi hadi wakampata, akafukuzwa kijijini. Miaka kadhaa baadaye Somoe alimsimulia Matroni dalili zile huku akifuta sakafu, na Matroni akamwambia bila kupepesa: ile ilikuwa homa ya ini, kuna chanjo yake, na mtu anayebeba sindano kama yeye anapaswa kuwa nayo. Tangu siku hiyo Somoe akawa anaiulizia chanjo kama mtu anavyoulizia mzigo wake stendi.

“Matroni, ule mzigo wangu bado?”

“Bado, Somoe.”

“Mie nasubiri. Ila ini langu lisije likachoka kusubiri.”

Chanjo ilipofika, ikiwa ndani ya kiboksi cha barafu, Somoe alikipokea mlangoni na kukibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye friji, akitembea kama amebeba mtoto wa mtu.

Friji lilikuwa moja. Juu ya mlango wake Matroni mwenyewe alikuwa amebandika bango la mradi, lenye herufi nyekundu: HAPA NI CHANJO TU. USIWEKE CHAKULA WALA VINYWAJI. USIGANDISHE. Bango lilibandikwa kwa ustadi, halina hata kiputo kimoja cha hewa. Siku moja kabla ya uzinduzi, Matroni aliufungua mlango huohuo na kuanza kupanga soda.

Tusimwonee. Wageni wangekuja na jua la Tabata kichwani, na katika maisha yake yote hajawahi kumpa mgeni soda ya moto. Nyumbani kwao Bukoba mgeni aliyeondoka bila kuridhika aliwaachia watu aibu ya mwaka mzima, na hapa walikuwa wanakuja wageni wenye magari na mpiga picha. Friji la kantini lilikuwa limekufa tangu mwaka jana. Basi akazisukuma chupa ndogo za chanjo nyuma kabisa, zikagusana na ukuta wa friji chini ya kichumba cha barafu, na mbele yake akapanga soda za machungwa, za tangawizi, na maji. Mchana umeme ukakatika. Uliporudi jioni, Matroni alizishika soda akaona ni vuguvugu. Akaizungusha ile swichi ya baridi hadi ikakataa kwenda mbele zaidi, akafunga mlango, akaenda nyumbani kunyoosha kitenge.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kufika. Alifungua friji, akatoa soda ya machungwa, akaona haitikisiki. Ilikuwa jiwe la rangi ya machungwa. Aliingiza mkono nyuma ya chupa, polepole, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda akihofia nyoka, akatoa kichupa kimoja cha chanjo. Nacho kilikuwa jiwe.

Hakuhitaji kufungua kabati la vioo. Ukurasa aliujua, na mstari mwekundu alikuwa ameuchora mwenyewe: chanjo ya homa ya ini ikishaganda imekufa, na kuiyeyusha hakuifufui. Itupwe. Itolewe taarifa. Aliujua pia mstari uliofuata, ambao ndio ulimkalisha kwenye kiti. Chanjo iliyoganda haimdhuru anayechomwa. Haimfanyi chochote. Hapo ndipo ulipo ubaya wake wote, na asubuhi ile hapohapo ndipo Matroni alipopata ahueni.

Maana alianza kupiga hesabu za kitaalamu. Kutoa taarifa kungehitaji maelezo. Maelezo yangehitaji kutaja soda. Wageni walikuwa njiani, na Bonde la Heri ndicho kituo kilichopendekezwa kuwa kituo cha mfano, ambako matroni wa vituo vingine wangekuja kujifunza kutoka kwake. Wenzake wa Temeke, waliokuwa wakiitazama mikoba yake kwa jicho la pembeni, wangesikia kwamba Apolonia amegandisha chanjo kwa ajili ya soda. Kumbe watu wangeweza tu kuchomwa leo, bila madhara, picha zikapigwa. Halafu yeye angetafuta njia ya kimyakimya ya kupata chanjo nyingine na kuanza upya. Angesema ni utaratibu mpya. Watu hawahoji utaratibu mpya.

Akavitoa vichupa vyote, akavipanga dirishani penye jua.

“Matroni, hivyo vinafanya nini juani?” Brightson alikuwa amesimama mlangoni.

“Napunguza ubaridi. Dawa ikiwa baridi sana inamuuma mtu.”

Brightson aliangalia vichupa, akaangalia friji, akaangalia dari. “Sawa,” akasema, akaenda zake.

Kwenye korido Daktari Elibariki, mganga mfawidhi na mkuu wa kituo, alikuwa amesimama ameshika chupa ya soda ya tangawizi, anaizungusha katikati ya viganja kama mtu anayeota moto. Alimwamkia Matroni kwa heshima kubwa kuliko kawaida yake, akaificha chupa nyuma ya mgongo. Matroni alidhani anaona haya kwa kuidokoa soda ya wageni.

Wageni walifika wakiwa wamechelewa kiasi kinacholingana na vyeo vyao. Mgeni rasmi alikuwa bwana mpole mwenye miwani, aliyepitishwa mbele ya kabati la vioo na kusifu sana hali ya vitabu.

“Vinaonekana vipya kabisa!”

“Tunavitunza,” alisema Matroni.

Walikaa chini ya turubai. Risala ikasomwa. Soda, ambazo sasa zilikuwa zimeyeyuka nusu na zina vipande vya barafu vinavyogonga kioo, zikasifiwa kuliko risala. Ndipo mgeni rasmi, katika kutaka kuwashirikisha watu, akauliza swali.

“Matroni, hebu tusaidie sisi tusio wataalamu. Mtu anajuaje kwamba chanjo hii imehifadhiwa vizuri?”

Sekela akamkabidhi kichupa ili afafanue nacho. Matroni alisimama, akakiinua juu, akaeleza, na alieleza vizuri sana. Kwanza, alisema, unaangalia kipimajoto cha friji kila asubuhi na kila jioni. Pili, ukishuku kwamba chanjo iliganda, unakitikisa kichupa, unakiweka mezani, unakilinganisha na kingine ambacho umekigandisha na kukiyeyusha kwa makusudi. Chanjo nzima inabaki kama maziwa mepesi. Iliyoganda inajitenga haraka, unaona vipandevipande vinashuka chini kama mchele kwenye sufuria. Alieleza yote hayo akiwa amekishika kichupa kimya kabisa kati ya vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai bichi mbele ya watoto.

“Sayansi hii!” alisema mgeni rasmi, akaongoza makofi.

Sekela alikipokea kichupa. Yeye alikitikisa, kwa mazoea tu. Alikitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akamtazama Matroni, halafu akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

“Tuanze na nani?” aliuliza mgeni rasmi. “Mimi ningependekeza tuanze na hawa wanaobeba taka. Si ndio wako hatarini zaidi?”

Alikuwa sahihi, na hakuna aliyeweza kumbishia. Somoe akaitwa. Alikuwa amevaa gauni jipya na mtandio wa kijani, na alikaa kwenye kiti huku amefumba macho.

“Mie sindano naziogopaga,” aliwatangazia watu. “Nazibeba kila siku lakini zikiwa zimeshafanya kazi kwa mwingine.”

Watu wakacheka. Mpiga picha akasogea. Sekela akachoma.

“Tayari?”

“Tayari, Mama Somoe.”

“Mbona sijasikia kitu?”

Matroni alijua kwamba mahali hapo kwenye ratiba ndipo yeye anapotakiwa kusema neno. Angeweza kusema kwamba hii ni sindano ya kwanza katika tatu, na kwamba mtu hajakamilika mpaka ya tatu, iliyo miezi sita mbele. Ndivyo mwongozo ulivyosema, na chini yake kulikuwa na mstari mwekundu. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na kamera pia. “Kuanzia leo,” akasema, “Somoe na homa ya ini basi!”

Makofi yakapigwa mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Somoe alisimama, akainua mkono uliochomwa, akazunguka nao kama bondia. Baada yake walichomwa wapishi, walinzi, Brightson, Daktari na Matroni mwenyewe, ambaye alitabasamu kwa ajili ya picha huku akiyahisi maji yale matupu yakiingia begani.

Wiki iliyofuata, Matroni aliaga kwamba anakwenda kwenye msiba. Alivaa nguo ya msibani kabisa, akaenda Kipawa, kwenye zahanati moja ya binafsi nyuma ya maduka ya mbao, mahali ambapo hakuna mtu wa Tabata angekuwa na sababu ya kufika. Aliichagua kwa umakini. Alikuwa na nia ya kuchanjwa chanjo nzima kwa fedha yake mwenyewe, halafu, akishakuwa salama, apange kwa utulivu namna ya kuwasaidia wengine.

Benchini nje ya chumba cha sindano alikuwa amekaa Daktari Elibariki.

“Shikamoo, Matroni!” Daktari alisimama haraka mno. “Mimi… nimekuja kumwona rafiki.”

“Marahaba. Na mkono wa shati umeukunja kwa ajili ya rafiki?”

Daktari aliushusha. Pembeni yake kulikuwa na mtu aliyefunika uso kwa gazeti la michezo, na vidole vilivyolishika gazeti vilikuwa na rangi ya maabara.

“Brightson, toka humo,” alisema Matroni.

Gazeti likashuka. “Mie siku ile niliviona juani,” alisema Brightson kwa sauti ndogo. “Nikasema si kazi yangu. Ishu za chanjo ni za Matroni.”

“Na mimi soda niliyoishika ilikuwa barafu tupu,” alisema Daktari. “Nikajiuliza, kama soda imeganda, chanjo je? Lakini wageni walikuwa wameshafika getini.”

Mlango ukafunguliwa, akatoka Sekela amebana pamba begani. Aliwatazama wote watatu mmoja mmoja. Hakushangaa sana.

“Basi tungekodi gari moja,” alisema.

Nesi wa pale alichungulia nyuma yake. “Kuna mwingine wa homa ya ini? Karibuni. Mmeshawahi kuchanjwa kabla?”

“Bado,” alisema Daktari.

“Bado,” alisema Brightson.

Matroni alikohoa. Picha yake akichanjwa ilikuwa imeshatumwa kwenye kila kundi la simu la mradi, na chini yake wamepanga mikono ya kupiga makofi. “Bado,” akasema.

Walipomaliza kuchomwa walikaa benchini wakisubiri kuona kama yupo atakayezidiwa, na kwa kuwa walikuwa wataalamu wanne mahali pamoja, ikawa kikao. Daktari alisema jambo hili liendewe kitaalamu. Akapendekeza Matroni awe mwenyekiti. Sekela aliombwa awe katibu, akasema yeye ametoka kuchomwa na mkono unauma.

“Msimamo uwe huu,” alisema Daktari. “Siku ya sindano ya pili ikikaribia, tunaomba chanjo mpya, tunasema ya zamani imeisha. Tunawachanja watu kama kawaida. Hakuna haja ya kuwatia hofu wafanyakazi wa chini.”

“Wa chini wakichomwa ya pili, si ndio itakuwa ya kwanza?” aliuliza Brightson.

“Kitaalamu, ndiyo.”

“Na Somoe?” alisema Sekela. “Anabeba yale maboksi yaliyojaa kila siku. Mie tangu siku ile namkwepa. Anamsimamisha kila mtu anayepita, ananionyesha, anasema, huyu ndiye aliyenichanja.”

Ndege ilikuwa inashuka, ikapita juu ya mabati karibu kabisa, ikafuta kila sauti pale barazani, na wote wanne waliinua macho kuitazama kama hawajawahi kuona ndege. Ilipopotea, Matroni alifunga kikao.

Somoe alichomwa na sindano ya taka siku ya usafi mkubwa. Barua ilikuwa imefika kwamba Bonde la Heri kimekubaliwa kuwa kituo cha mfano, na Matroni aliagiza kila kona ing’ae na maboksi ya njano yabaki kabatini kusubiri wageni wengine. Somoe alishika boksi la sindano la zamani, lile lililojaa hadi juu, akalikandamiza kidogo ili mfuniko ufunge, na sindano iliyokuwa imetoboa ubavu wa boksi ikaingia kwenye kiganja chake, ikapita glavu kama haipo. Haikujulikana ilikuwa imemtoka mgonjwa gani. Ndani ya boksi lile mlikuwa na damu ya nusu ya Tabata.

Matroni alimkuta kwenye bomba la nje, ananawa kiganja kwa sabuni na maji mengi, anaimba. Daktari alikuwa amefika tayari, na Sekela nyuma yake.

“Msinizunguke kama maiti!” Somoe alicheka. “Ni sindano tu. Zamani ningelia hapa, ningemkumbuka kaka yangu, ningewapigia watu wa Nachingwea wanunue sanda. Sasa nilie nini? Mie si nimechanjwa?”

“Kweli kabisa,” Daktari aliwahi kusema. “Tulia. Tutakupa vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, unaanza leo leo. Na kwa homa ya ini, kwa tahadhari tu, tutakuongezea…”

“Mniongezee nini? Matroni alisema mbele ya watu. Somoe na homa ya ini basi.”

Matroni alimtazama. Alikuwa akijua kila kitu kilichotakiwa kujulikana. Alijua kwamba mtu asiye na kinga akichomwa na sindano ya aina ile anatakiwa kupata chanjo nzima upesi, ikiwezekana siku hiyohiyo, na kwamba kila saa inayopita inampunguzia nafasi. Alijua pia kwamba Daktari hakuwa na chanjo nzima ya kumwongezea. Kwenye friji kulikuwa na vichupa vilevile vilivyoyeyushwa dirishani, maana kuvitupa kungehitaji maelezo. Daktari alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi, macho ya mtu anayesema kikao kilishapitisha.

“Somoe,” alisema Matroni, “hujachanjwa.”

“Nini?”

“Siku ile ulichomwa maji. Chanjo iliganda usiku wa kuamkia shughuli. Niliigandisha mimi. Niliweka soda za wageni.”

Somoe aliacha bomba likitiririka. “Soda?”

“Soda.”

“Zile nilizozigawa mie mwenyewe na sinia?”

“Hizo.”

“Na ukajua?”

“Nilijua asubuhi, kabla hujakaa kwenye kile kiti.”

Somoe alimgeukia Sekela. “Na wewe mwanangu, uliyenichoma?”

“Niliona vipandevipande,” alisema Sekela. Alikuwa analia, na hakuna aliyemhurumia.

“Daktari?”

Daktari alikuwa anasoma ukuta.

“Ee, poleni basi,” alisema Somoe. “Kumbe sote tumekaa bila chanjo, tunaumwa pamoja. Angalau hapo mmenifariji.”

Hii ilikuwa nafasi nyingine ya kunyamaza, na ilikuwa nzuri kuliko zote. Matroni aliitazama ikipita.

“Sisi tulikwenda kuchanjwa Kipawa,” akasema. “Kila mtu kivyake. Tukakutana huko.”

“Wote?”

“Wote wanne.”

Maji yalikuwa yanamwagikia miguuni mwao. Somoe aliinama akafunga bomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na desturi ya kulifunga. Alipoinuka sauti yake haikusikika barabarani.

“Mie niliwaambia hadi watu wa Nachingwea,” alisema. “Nimempigia mama mkwe wa marehemu kaka yangu. Nimemwambia nimefika mahali wanapothamini watu.”

Alimeza vidonge vyake vya kwanza palepale, Matroni akiwa amemshikia glasi. Kiganja kikafungwa bandeji, halafu wakaondoka wawili, kwa bajaji, kwenda Kipawa. Njiani Matroni alipiga simu moja, kwa watu wa mradi. Alieleza habari ya friji, ya soda na ya swichi, kwa mpangilio mzuri, kama anavyoeleza kila kitu. Mtu wa upande wa pili alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba ayaandike hayo kwa kirefu, kisha akauliza kama matroni wa vituo vingine bado waje wiki ijayo kujifunza kwake, maana ukumbi umeshalipiwa. Matroni akakata simu.

Nesi wa Kipawa aliwaona wanaingia. “Nyie wa Bonde la Heri hamuishi?”

“Huyu ndiye alikuwa wa kwanza,” alisema Matroni. “Tulimruka.”

Nesi alitayarisha bomba la sindano, akamwonyesha Somoe kiti. Somoe hakukaa.

“Friji yenu iko wapi?”

“Friji?”

“Nataka kuiona.”

Nesi alimtazama Matroni, na Matroni akainamisha kichwa kuwa sawa. Wakapelekwa chumba cha pili. Somoe aliufungua mlango wa friji kwa mkono ule usiofungwa bandeji. Aliangalia rafu ya juu, akaangalia ya kati, akachuchumaa akaangalia ya chini, akaingiza mkono nyuma kabisa na kupapasa ukuta. Mlikuwa na chanjo na kipimajoto. Alimwomba nesi amsomee kipimajoto kinasemaje, nesi akamsomea. Akaufunga mlango, akausukuma tena kuhakikisha umefunga.

Alirudi akakaa, akashusha mtandio, akatoa bega. Safari hii hakufumba macho.

“Haya, nichome,” alimwambia nesi. Halafu, bila kugeuka: “Na wewe Matroni, makofi usipige.”